Uniti Mia na Ishirini

Karatasi imebandikwa kwa gundi ya unga
mlangoni mwa Idara, ghorofa ya pili.
Pembe moja imekwisha kung'olewa na upepo wa Agosti,
upepo wetu huu wa Dodoma usiojua kupiga hodi.
*Ili kutunukiwa shahada ya heshima
katika sayansi ya kompyuta
mwanafunzi sharti awe na uniti mia na ishirini.*
Nina mia na kumi na saba.

Nimehesabu kwa kidole. Nimehesabu kwa programu
niliyoiandika mwenyewe, mistari kumi na minne.
Kidole na programu havijagombana.

Iliyopungua ni Nadharia ya Ukokotozi.
Huisomi kabla ya Algorithimu,
wala Algorithimu kabla ya Miundo ya Data,
wala Miundo ya Data kabla ya Hisabati Bainifu,
na Hisabati Bainifu ilinipa sapu mwaka wa kwanza:
Septemba, wenzangu wako kwao,
mimi na mihogo ya kuchemsha, chumba namba tisa,
na panya mmoja, na seti tupu.
Tangu hapo kila changu kimechelewa hatua moja
kama shati lililokosea kifungo cha juu.

Dakta Lugwisha alituchorea ubaoni:
kozi ni vifundo, masharti ni mishale.
"Mishale ikizunguka ikajirudia," akasema,
"hahitimu mtu."
Tukacheka.
Nikashuka kwenye dirisha la mhasibu.
Bila kontroli namba hulipi.
Bila kulipa husajiliwi.
Bila kusajiliwa mfumo hautoi kontroli namba.
Nikamchorea yule dada mishale nyuma ya risiti.
Akaitazama, akaigeuza,
akagonga muhuri upande usio na kitu.

Jumamosi nikaenda Hombolo.
Mama alikuwa anakata vichala, mkasi mkononi.
Mbukwa, Sechelela.
Akataka kujua shahada ya heshima ni ipi,
na zile nyingine, ni za utovu wa adabu?
Na mwenzangu Mhoja aliyedisko,
chuo gani hicho kinafukuza mtoto kwa kucheza muziki?
Nikaeleza. Kudisko si kucheza, Mama,
ni kufungiwa mlango. Na heshima si shikamoo:
ni kozi za lazima, kozi za hiari, mradi,
wiki nane za mafunzo kwa vitendo,
halafu uniti.
"Uniti moja kilo ngapi?"

Nikakwama. Miaka minne darasani, nikakwama.
Kisha macho yakaangukia kreti.
Nikasema: unamkumbuka yule bwana wa kiwandani, mwaka juzi?
Alikamua punje moja juu ya kipima sukari,
akachungulia kama anayetafuta mwezi,
akasema kumi na saba na nusu.
Wao walitaka kumi na nane.

Mkasi ukasimama.
Kreti arobaini zilirudi nyumbani kwa mkokoteni siku ile.
Tulikula mpaka midomo ikachubuka; zilizobaki, nzi.
"Nusu," akasema Mama.
"Mimi ni tatu."
Akafuta mkasi kwenye kanga, upande wa maandishi.
"Na zile tulizoziacha mtini wiki mbili zaidi?"
"Walizichukua."
"Walizichukua," akasema, akarudi kukata.

Leo Jumatatu. Fomu yangu ina sahihi mbili kati ya tatu.
Mwenye ya tatu yuko semina, Morogoro,
harudi kabla ya Alhamisi.
Nimeketi chini, mgongo ukutani,
kitabu cha kuazima magotini, sura ya kwanza.
Inasema hakuna programu, uiandikeje,
iwezayo kuitazama kila programu nyingine
ikasema kwa hakika: hii itafika mwisho, hii haitafika.
Nimepigia mstari kwa penseli.

Upepo umeinua pembe ya pili ya karatasi.
Nimesimama,
nimeibana kwa dole gumba.